Linux Mint kwenye steshenari: uzoefu wangu

Natumia Linux Mint 22, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce, kwenye kompyuta mbili za steshenari yangu hapa Morogoro. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa kazi hii: fotokopi, kuprinti, kuskani vyeti, kuwajazia watu fomu. Maoni mengi ya Linux niliyosoma yameandikwa na watengeneza programu, na yanayotusumbua sisi hawayagusi.

Mashine zenyewe ni laptop za mtumba, Intel ya kizazi cha 6, RAM GB 8, diski ya SSD. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mint 22 inatosheka na RAM GB 2, ingawa wenyewe wanashauri 4, na itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi 2029. Kwa biashara ya kuprinti kurasa, kununua mashine mpya wakati ya zamani bado inapiga kazi ni hasara.

Lakini kilichoniteka ni flashi. Kila mwenye steshenari anakijua kirusi cha shotikati. Mteja anachomeka flashi, na folda zake zote zimegeuka shotikati. Kirusi kimezificha folda halisi na kuweka bandia zenye majina yale yale. Ukibofya, umekiendesha chenyewe. Kinahamia kwenye kompyuta yako na kusubiri flashi ya mteja anayefuata, na hivyo ndivyo duka moja linavyoambukiza mtaa mzima. Kirusi hicho kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Mint hakipati pa kujishikiza. Zaidi ya hapo, ile alama ya kuficha ambayo kinazibandika folda, Linux haiijali kwenye flashi zilizoformatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kawaida wa flashi, kwa hiyo ukifungua tu unaona folda za mteja zimekaa pale pale.

Alikuja binti wa chuo jioni moja, kesho yake anawasilisha utafiti. "Dada, kazi yangu yote imefutika." Nikachomeka flashi, nikamwonyesha kioo. "Haijafutika mdogo wangu, hii hapa." Nikafuta shotikati na lile faili la kirusi, nikamprintia nakala zake, akaenda. Kwa hilo peke yake ningeendelea na Mint.

Na wala si tatizo la mitaani tu. Mwaka 2008 NASA ilithibitisha kwamba laptop kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga zilikuwa na kirusi, W32.Gammima.AG, kinachosambaa kwa flashi na kazi yake ni kuiba nywila za michezo ya mtandaoni. Mitambo ya kuendesha kituo haikuguswa. Mwaka 2013 kampuni ya United Space Alliance, iliyokuwa ikizihudumia laptop za kituo, ilizihamisha makumi kwa makumi kutoka Windows XP kwenda Linux ya Debian, na ilieleza kwamba ilitaka mfumo tulivu ambao wataalamu wake wanaweza kuufungua na kuurekebisha wenyewe. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu juu ya Debian. Ni ukoo mmoja. Hata helikopta Ingenuity iliyoruka Mars ilitumia Linux: ilipangiwa safari 5 za majaribio, ikaruka 72 kati ya Aprili 2021 na Januari 2024. Kwa hiyo mtu akiniambia Linux ni ya kuchezea tu, sikubaliani naye hata kidogo.

Kwenye printa ndipo pana kazi. HP nyingi zinatambulika mara moja kupitia HPLIP, programu inayounganisha printa za HP na Linux. Mashine yangu kubwa ya fotokopi, ya kampuni nyingine, inaprinti bila shida ila haikubali kuskani kutoka kwenye kompyuta. Naskani kwenye flashi moja kwa moja, kisha naifungua. Inapoteza muda foleni ikiwa ndefu, na wakati wa maombi ya mkopo wa HESLB foleni huwa ndefu kweli.

LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua barua, CV na ripoti za Word vizuri. Fonti ya Calibri nafasi yake inachukuliwa na Carlito, na Times New Roman na Liberation Serif. Herufi zina upana ule ule, kwa hiyo kurasa hazihami. Penye visanduku vya maandishi vilivyopangwa juu ya picha ndipo mambo husogea, na kadi za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher ni bora usizifungulie huku kabisa. Kwa hizo nimebakisha kompyuta ya tatu yenye Windows, na haigusi flashi ya mtu kabla haijakaguliwa kwenye Mint. Wateja nawahimiza walete PDF.

LibreOffice inasahihisha tahajia ya Kiswahili pia, jambo ambalo nalithamini sana ninapochapa barua za wazee. Kuna historia ya karibu hapa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na ni kutokana na OpenOffice hiyo hiyo LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010. Inaniuma kwamba kazi ile haijulikani hata kwa mafundi wetu.

Bando nalo linapona. Mint inakuarifu kuna masasisho, halafu inakuachia wewe uamue lini. Mimi huyashusha usiku duka likiwa limefungwa, baada ya kuhifadhi hali ya mfumo kwa Timeshift.

Ukitaka kujaribu, usimwambie fundi afute chochote kwanza. Mwombe akuwekee Mint kwenye flashi, uwashe kompyuta kupitia hiyo flashi, mfumo wako wa zamani ubaki ulivyo. Kisha fanya kazi za siku ya kawaida: printi pande mbili, skani kitambulisho, ingia Ajira Portal, fungua faili la Word lenye jedwali gumu kuliko yote uliyonayo. Skana ikigoma hapo, tafuta ufumbuzi wake kabla hujasakinisha.