Buena Vista Social Club: Wazee wa Havana Bado Wanatikisa

Albamu hii, iliyorekodiwa Havana mwaka 1996 na kutoka mwaka uliofuata, ilizaliwa kwa bahati: wanamuziki wa Mali waliotarajiwa kushirikiana na Wakuba hawakufika, hivyo mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder akabaki na wenyeji, wengi wao wazee, na baadhi walikwisha kusahaulika. "Chan Chan", wimbo wa Compay Segundo aliyezaliwa mwaka 1907, unazungukia mpigo uleule mfupi wa gitaa tangu mwanzo hadi mwisho, wala hauchoshi.

Kilichonikonga moyo zaidi ni piano ya Rubén González katika "Pueblo Nuevo", kwani mzee huyo, ambaye wakati ule hakuwa na piano nyumbani kwake, anaanza taratibu kama anayepapasa njia gizani, kisha vidole vinachangamka. Gitaa la kuteleza la Cooder, linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma au kioo juu ya nyuzi, kwa maoni yangu, mara nyingine linajipenyeza pasipohitajika. Aliyelelewa na muziki wa dansi hatajihisi mgeni hapa, maana rumba ya Kongo ilichota mengi kutoka santuri za Kuba. "Dos Gardenias", iliyoimbwa na Ibrahim Ferrer, isikilizwe usiku.