Kukariri mazungumzo ya Kiingereza au igizo dhima (kuigiza hali halisi bila maneno ya kukariri): lipi limwandae mwanafunzi anayekwenda kusoma Uingereza?

Kukariri ni rahisi kupanga. Mwalimu anaandika mazungumzo ya mistari 8 hadi 10, wanafunzi wanayarudia siku 3, basi. Kwa ofisa wa uhamiaji njia hii inafaa, kwani maswali yake yanatabirika: umekuja kufanya nini, unakaa siku ngapi, utafikia wapi, nani anakulipia.

Shida huanza nyumbani kwa wenyeji. Mama mwenye nyumba anasema "You alright?", mgeni anaanza kueleza kichwa kinavyomuuma, kumbe kasalimiwa tu. Kaskazini mwa England "tea" mara nyingi ni chakula cha jioni, si kikombe cha chai. Na "half seven" ni saa moja na nusu. Aliyezoea saa za Kiswahili hukanganyikiwa mara mbili.

Hapo ndipo igizo dhima linaposhinda. Wanafunzi wakae wawili wawili, kila mmoja na kadi asiyoiona mwenzake: huyu ana ratiba ya treni, yule anataka tiketi ya kwenda na kurudi. Dakika 5, kisha wabadilishane. Lazima mwalimu avuruge: treni imefutwa, muuzaji anaongea harakaharaka. Bila hivyo, kufikia raundi ya tatu wanakuwa wanakariri vilevile. Darasa la watu 50 lina kelele zake. Nusu waigize, nusu wasikilize na kuandika namba wanazosikia, maana "fifteen" na "fifty" huwaponza wengi.

Ukiwa na wiki 1 tu, karirisha mazungumzo ya uhamiaji ya uwanja wa ndege siku ya kwanza. Zilizobaki ni za kadi.