Pasi ya treni ya Eurail: siku saba za safari, mimi na mdogo wangu kutoka Dodoma

Tangu turudi, kila mwalimu mwenzangu akinikuta ofisini ananiuliza swali moja: ile pasi ya treni ya Ulaya, yaani tiketi moja ya kupanda treni za nchi nyingi, inalipa, au ni afadhali kukata tiketi moja moja? Inalipa, ila kwa mtu aliyekaa na ramani kabla ya kutoa hela. Ukinunua kwanza halafu ndiyo uanze kufikiria unakwenda wapi, ada za viti zitakula ulichokiokoa.

Nianze na majina, maana yanachanganya watu. Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Sisi wa huku tunanunua Eurail. Nchi ni zilezile 33, tofauti ni mahali unapoishi. Mimi nilichukua ile ya siku saba ndani ya mwezi mmoja, daraja la pili. Maana yake una mwezi mzima wa kuzunguka, lakini siku za kupanda treni ni saba tu, unazichagua mwenyewe. Kwa mtu mzima ilinitoka zaidi ya shilingi milioni moja. Mdogo wangu ana miaka 24, na hadi miaka 27 unahesabiwa kijana, kwa hiyo yake ilipungua kwa robo. Kuna pasi za kusafiri kila siku mfululizo pia, siku 15, siku 22, mwezi. Kwa mwenye bajeti ndogo sizishauri, maana zinakusukuma upande treni kila asubuhi ili usione umepoteza, na jioni hujaona mji wowote.

Sasa kuhusu ada za viti. Pasi inalipa nauli, hailipi kiti. Treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania zinakulazimisha kuhifadhi kiti, unalipa yuro kumi na kuendelea kwa kila mtu, kila safari, na Ufaransa viti vilivyotengwa kwa wenye pasi vina idadi maalumu. Kiangazi vinaisha mapema. Ujerumani na Austria treni nyingi za mchana unapanda tu, unakaa penye nafasi. Nilipolielewa hilo nilichukua kalamu nyekundu nikafuta Paris na Roma kwenye ramani yetu. Mdogo wangu alinuna siku mbili. Nilimwonyesha hesabu ya viti vya watu wawili, akakubali.

Visa nayo ni gharama, msiisahau kwenye bajeti. Ya Schengen, yaani visa moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 kwa mtu mzima, na lazima uwe na bima ya safari ya kuanzia yuro 30,000. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwetu ilikuwa Ujerumani. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla, lakini usisubiri huko mwisho. Tulishuka Dar es Salaam kutoa alama za vidole, tukapanda SGR alfajiri na jioni tukawa tumesharudi Dodoma. Miaka michache nyuma shughuli hiyo ilikuwa ya basi na kulala gesti.

Siku zetu saba tulizigawa hivi: Frankfurt hadi Luxembourg kwa njia ya mto Rhine na Mosel, Luxembourg hadi Köln, Köln hadi München, München hadi Vienna kupitia Salzburg, Vienna hadi Prague, Prague hadi Berlin, na mwisho Berlin hadi Frankfurt kurudi uwanja wa ndege. Safari fupi hatukuzichomea siku ya pasi. Vienna hadi Bratislava ni kama saa moja tu, tulikata tiketi ya kawaida ya bei ndogo. Na Luxembourg treni, basi na tramu ni bure nchi nzima tangu mwaka 2020, ukiacha daraja la kwanza la treni. Tulizunguka siku mbili bila kulipa nauli.

Siku ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Kati ya miji ya Mainz na Koblenz, kando ya mto Rhine, kuna treni za kasi na kuna zile zinazosimama kila kituo. Chukua zinazosimama. Reli inabana ukingoni mwa mto, ng'ambo unaona meli za mizigo zinapanda taratibu, na juu ya kila kilima kuna mizabibu. Baba yetu analima zabibu Hombolo, shamba tambarare, udongo mwekundu, na kilio chake cha miaka yote ni maji. Hawa wamepanda kwenye mteremko ambao mbuzi angefikiria mara mbili. Tulishuka Bacharach bila kupanga, kwa sababu pasi inakuruhusu kushuka na kupanda tena siku nzima, tukapanda njia ya mawe hadi kwenye mistari ya kwanza ya miche. Kila mche umefungwa kwenye waya. Vichala vilikuwa vibichi, punje ndogo kama pilipili manga, wakati sisi tuna misimu miwili na wao wanasubiri Septemba kuvuna mara moja. Nikampigia baba kwa video. "Shikamoo baba, angalia shamba hili." Akaangalia kimya, kisha akasema, "Sogeza simu chini nione udongo." Ni mawe meusi, bapa kama vigae. Akauliza, "Maji wanaleta na nini huko juu?" Nikamwambia wanategemea sana mvua. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

Tungekuwa na tiketi ya kawaida ya bei nafuu, iliyofungwa kwenye treni moja, tusingeshuka pale. Kwangu mimi hicho ndicho kinachouzwa kwenye pasi hii. Kuna siku nyingine treni yetu ya kwanza ilichelewa, na ile ya kuunganisha ikaondoka mbele ya macho yetu. Tulikaa kwenye benchi, tukala mkate, tukapanda iliyofuata bila kulipa chochote.

Pasi yenyewe iko ndani ya simu, kwenye programu ya Rail Planner. Unaiwasha kwa namba ya hati yako ya kusafiria, halafu kila siku ya safari unaingiza treni unayopanda, inatoka alama ya kuskani ambayo mkaguzi anaisoma kwa mashine yake. Fanya hivyo kabla ya kupanda, siyo ukimwona anakuja. Hati ya kusafiria iwe mfukoni, maana anaweza kuiomba. Siku ya pasi inahesabiwa kutoka saa sita usiku hadi saa sita usiku. Ratiba zinasomeka hata bila intaneti. Lakini simu ikizima chaji huna tiketi, kwa hiyo pawabanki ilikuwa kitu cha kwanza kwenye begi.

Chakula tulinunua dukani: mkate, jibini, matunda. Siku tukitaka cha moto tulikula kebab za Waturuki, ziko Köln na Berlin kila mtaa na zinashibisha. Maji ya bomba ya Vienna yanatoka chemchemi za milimani na yananyweka, beba chupa yako ujaze. Ujerumani ukinunua maji ya chupa ya plastiki unawekewa amana ya senti 25, usiitupe chupa, irudishe dukani upewe hela yako. Kulala ni hosteli, vyumba vya watu sita hadi nane. Hapo ndipo hela nyingi zilipokwenda kuliko hata treni, na ni kwa sababu tulichelewa kuweka nafasi.

Mwezi wa sita ulitufaa. Shule zetu zimefungwa, zao nyingi bado zinaendelea, kwa hiyo mabehewa hayakujaa sana. Na mchana wake ni mrefu ajabu: Berlin jua lilizama saa tatu na nusu usiku. Unaweza kufika mji saa kumi na mbili jioni ukatembea kwa miguu saa tatu nzima kukiwa na mwanga.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya viti: bei ya pasi ingekuwa kubwa kidogo lakini kiti kikawa ndani yake, familia ingejua tangu nyumbani itatumia kiasi gani.

Safari ijayo tutaongeza treni ya usiku, Vienna hadi Hamburg. Ukipanda leo ukashuka kesho bila kubadilisha treni baada ya saa sita usiku, inakatwa siku moja tu, ile ya kupanda, na unakuwa umeokoa usiku mmoja wa hosteli. Kitanda unalipia pembeni, nacho tutakihifadhi mapema. Mdogo wangu ameshafungua kibubu.