Kamera ya mfukoni au DSLR ya mtumba?

Huku Mtwara swali hili haliishi: anayeanza na hela ya kuungaunga achukue kamera ndogo kama Canon IXUS 185, au DSLR iliyotumika, ile kamera kubwa ya kubadili lenzi, kama EOS 1300D?

Kwa wepesi ndogo inashinda. Ina gramu 126 hivi, unaishika kwa mkono mmoja ukiwa kwenye kivuko cha Msangamkuu, na zumu yake, yaani kuvuta kitu cha mbali, ni mara 8. Ila betri yake ikijaa hutoa picha kama 210, ya DSLR 500.

Gizani ndipo inapoumbuka. Ngoma ya usiku kule Mikindani iliniachia sura zenye chengachenga tu. Sensa ya DSLR, kile kipande kinachonasa mwanga, ni kubwa mno, na lenzi unabadili.

Halafu chumvi ya bahari, haina huruma. Unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi, kwa hiyo kabla hujalipia mtumba, imulike kwa tochi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, irudishe. Ndogo nayo, mchanga wa Msimbati ukiingia kwenye lenzi inayochomoza, inakwama palepale.

Wa picha za familia, ndogo inamtosha. Anayewinda tenda za harusi avumilie uzito wa DSLR.