Huduma Centre Mombasa: Paa Moja, Madaftari Mengi

Mtu anayetafuta kitambulisho kilichopotea, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi kutoka mamlaka ya mapato) na cheti cha mwenendo mwema cha polisi amepunguziwa mizunguko mingi na kituo cha Huduma cha Posta, Barabara ya Digo, ambapo idara nyingi za serikali zina meza chini ya paa moja. Unachukua tiketi yenye nambari, unakaa, unaitwa. Hapo kituo kinastahili sifa, na makarani wengi wanajua kazi.

Ila zilizokusanywa ni meza tu. Nyuma ya kila meza kuna idara yake na daftari lake, na karani wa huku hana ruhusa ya kugusa rekodi ya kule. Sisi wa Pwani tunaumia zaidi kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, kitambulisho Mohammed, cheti cha shule Muhammad. Inauma kuona mama aliyevuka feri kutoka Likoni akirudishwa kwa sababu ya herufi moja.

Mwenye tatizo hilo aanze na cheti cha kuzaliwa, aende kitambulisho, ndipo amalizie KRA na SHA, yaani bima ya afya ya serikali. Ukianza na KRA utapoteza siku bure, maana mfumo wao hulinganisha jina lako na lile la kitambulisho. Beba hati ya kiapo yenye muhuri wa wakili na kopi za kutosha, kwani kila idara huweka faili yake.

Cheti cha mwenendo mwema huombwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050. Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja ya A4, pamoja na ankara ya malipo. Ukija na karatasi mbili utarudi saiba (duka la kompyuta) kuchapisha upya, na zamu yako itapita. Meza ya cheti hiki kituoni inachukua alama za vidole tu. Uchunguzi wenyewe hufanywa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Nairobi, kwa hivyo fuatilia kwenye akaunti yako ya eCitizen badala ya kurudi kumuuliza karani. Kwa kitambulisho kilichopotea, pitia kwanza kituo cha polisi uchukue abstrakti, yaani hati ya kuonyesha umeripoti kupotea kwake.

Mwenye kibanda cha chakula asidhani atamaliza yote kwa risiti za eCitizen. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti leseni za biashara, na kaunti hukusanya ada zake yenyewe. Uliza nambari ya malipo kwenye ofisi ya kaunti kabla hujatuma pesa.