Miwani ya jua ya 15,000 yenye stika ya "Polarized UV400": nilivyoipima

Lenzi ni za plastiki ya kijivu, fremu nyepesi, na ndani ya boksi kuna kile kikadi chenye picha iliyofichwa: kwa macho matupu huoni kitu, kupitia miwani anatokea samaki. Kadi haidanganyi. Tatizo ni kwamba muuzaji hupitisha lenzi moja tu mbele yake, na kasoro ya miwani hii iko kwenye ile nyingine.

Kipimo ninachokiamini ni kikokotoo cha dukani, kile cha tarakimu nyeusi. Usivae miwani. Ishike mbele ya kikokotoo, tazama kupitia lenzi moja, kisha izungushe taratibu kama usukani, nusu duara. Kama kweli ni polaraizi, yaani ina utando wa kukata mng'ao, utafika mahali kioo chote kinakuwa cheusi; ukiendelea kuzungusha, tarakimu zinarudi. Lenzi iliyotiwa rangi tu inabaki na giza lilelile mwanzo hadi mwisho. Simu sipendi kuitumia, kwa sababu nyingi za siku hizi hazizimi kabisa, zinabadilika rangi kidogo tu, na mtu anaishia kusema miwani ni feki.

Rudia kwa lenzi ya pili, watu wengi hawafiki hapa. Kwenye miwani hii, lenzi ya kulia inafunga giza ikiinama kama nyuzi 45, ya kushoto mpaka karibu 60. Utando wa ndani wa hiyo ya kushoto umekaa mshazari. Ukiivaa na kutazama lami iliyolowa, ukafumba jicho moja moja, utaona kulia mng'ao umekatika, kushoto bado upo. Nusu saa ya kuendesha gari hivyo, kichwa kinaanza kugonga.

Mng'ao unaokatwa ni ule wa maji, lami na vioo vya mbele vya magari, maana mwanga ukidunda hapo hutikisika zaidi kwa mlalo, na utando unapitisha wa wima. Kwa hiyo usipimie kwenye bati jipya wala rimu za kromu: mng'ao wa chuma kitupu hauna mpangilio huo, hata miwani ya bei mbaya haitaukata.

UV, ile miale ya jua isiyoonekana inayodhuru macho, ni habari nyingine kabisa. Lenzi inaweza kuwa polaraizi safi na isizuie miale hiyo inavyotakiwa, na hakuna jicho litakalokuambia. Duka la miwani lenye mashine ya UV linapima kwa sekunde chache. Hii, tuwe wakweli, ilipita.

Ya kukaa ufukweni, sawa. Ya kuendeshea, hapana. Na usiiache juu ya dashibodi juani: karibu na skrubu ya kushoto utando umeshaanza kuvimba, vipovu kama vya karatasi iliyobandikwa vibaya.