TAHADHARI: Jamaa wa "matembezi ya sikoseli" ni tapeli, msimpe hata mia

Jamani nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Yule kaka wa fulana nyekundu aliyekuwa anazunguka Tabata na Segerea na kitabu cha risiti, akiandikisha watu wa kujitolea kuchangisha hela za watoto wenye sikoseli (selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi), ni TAPELI.

Ya mdogo wangu na ugonjwa huu mnayajua, sirudii. Hapo ndipo aliponipatia. Alikaa barazani kwangu, nikampa chai na chapati, akaanza habari za mtoto wa dada yake: alivyovimba vidole vya mikono na miguu hata mwaka hajatimiza, wakadhani kaumwa na mdudu. Baridi ikiingia maumivu yanapanda, mtoto analia mpaka sauti inakata. Foliki asidi kila siku, na ile dawa ya haidroksiurea wakiikosa hospitali wanaambiwa wakanunue nje. Niambieni, mtu ambaye hajauguza atayajulia wapi hayo? Mama alikuwa anasikiliza kwa ndani, akatoka anafuta machozi, akafungua pindo la kanga akampa elfu kumi. Na tarehe ya matembezi aliyotaja ni ya kweli, Juni 19 ndiyo Siku ya Selimundu Duniani. Anayenicheka aseme yeye angekataa vipi.

Nikachukua kadi. Nikachangisha kikoba, kwaya, vijana wa bodaboda, hata mama wa genge ambaye mwenyewe anaishi kwa kukopa. Walitoa kwa sababu ni mimi niliyeomba! Kila nikituma ananijibu, "Mungu akubariki dada, umemwongezea mtoto siku." Siku yenyewe tukafika Mnazi Mmoja alfajiri na fulana zetu tulizouziwa elfu kumi na tano, tumesimama kama bibi harusi aliyekimbiwa. Simu haipatikani. Mzee mmoja aliyekuwa anafanya mazoezi akatuuliza tunamsubiri nani, hakuna aliyemjibu. Sasa nikipita kituoni bodaboda wananiita "dada fulana".

Dalili? Zilikuwepo. Ukituma hela jina linalokuja ni la mwanamke, eti ndiye mhazini. Risiti hazina namba ya usajili, wakati NGO halali inayo kwa Msajili. Na ile picha ya mtoto, shoga yangu wa Mbagala kaikuta kwenye grupu lingine, huko ni mgonjwa wa figo anayesafishwa damu. Mengine sina hata nguvu ya kuandika.

Huyu afungwe. Akitoka afungwe tena, na huyo mhazini wake pembeni. Kuna mama kesho atapita mtaani kwetu na kadi, mwanawe kweli anasubiri kuongezewa damu, na watu watamfungia mlango kwa sababu ya huyu mshenzi. Mnaosema tumkamate tumpige, hapana, akivunjika mkono nani atarudisha hela za kikoba? Zirudi kwanza, halafu jela.

RB ya polisi nimeshachukua. Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli, nanyi mlionayo itumeni, zikiwa nyingi hawataweza kupuuza. Mkiwa bado na zile risiti msizichane, askari anazitaka. Na yeyote anayejua alipopanga, aje inboksi usiku huu huu, jina lake silitaji kwa mtu.